Je, Yafaa Kulipia Somo la Kununua Viwanja na Nyumba?

Jumamosi jioni mvua inapokatika Tukuyu, huku ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Rungwe, ndipo watu wengi wapatapo nafasi ya kukaa na jamaa zao na kuzungumza mambo ya maisha. Huzungumzwa ada za watoto, bei ya maziwa na ya ndizi, na hali ya mgonjwa aliyelazwa Makandana. Siku hizi limeongezeka jambo jingine. Simu hulia, ujumbe hufunguliwa, na maneno yake huwa ya namna hii: jifunze siri ya kutajirika kwa ardhi na majengo; semina ni ya siku mbili; nafasi zilizobaki ni chache; lipa leo upate punguzo.

Tuchukue mfano wa jamaa moja. Mwandishi ameiunda kwa ajili ya mazungumzo haya tu, lakini yumkini wasomaji wengi watajiona ndani yake. Baba ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Katumba. Mama ana cherehani yake mjini, na nyuma ya nyumba wana miti michache ya parachichi. Kwa miaka mitano wamejinyima, na sasa wana akiba ya shilingi 4,000,000. Nia yao ni kununua kiwanja, na baadaye wajenge vyumba vya kupangisha ili wasije wakawaelemea watoto wao uzeeni. Ada ya semina ni shilingi 350,000.

Baba asema, "Mama, hawa watu wamefanikiwa. Tukijua wanachokijua wao, hatutakosea."

Mama ajibu, "Sikatai, Baba. Lakini hiyo ni karibu shilingi 9 katika kila 100 tulizonazo. Tutakapozitoa, tutakuwa tumenunua nini?"

Swali la Mama ndilo swali la makala haya. Kutaka elimu si kosa, wala kulipia elimu si upumbavu. Lakini kila mwenye kutoa fedha hapana budi ajue anachopewa, na hasa ajue kama anachopewa ndicho anachokihitaji.

NJAA YA ARDHI SI JAMBO JIPYA

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini tangazo la namna hiyo huwagusa watu wa Rungwe upesi kuliko linavyoweza kuwagusa watu wa mahali penye nafasi. Hapa ardhi ina rutuba, mvua ni nyingi, na watu ni wengi. Zamani Wanyakyusa waliishi katika vijiji vya marika, ambapo vijana wa rika moja walijenga pamoja mbali na baba zao, na kila kizazi kilipewa mahali pake. Wataalamu Godfrey na Monica Wilson waliyachunguza maisha hayo katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica Wilson juu ya vijiji hivyo kilitoka mwaka 1951. Lakini tayari mambo yalikuwa yanabadilika. Kahawa ni mti wa kudumu, na aliyeupanda hataki tena kuhama. Mwaka 1958 mtaalamu mwingine, P. H. Gulliver, alichapisha kitabu kizima juu ya umilikaji wa ardhi na mabadiliko ya jamii miongoni mwa Wanyakyusa. Baadaye chai ilienea, na katika miaka ya karibuni parachichi nalo limeongeza thamani ya kila kipande cha shamba.

Kwa hiyo mtu wa Tukuyu anaposikia kwamba iko siri ya ardhi, moyo wake hushtuka. Babu yake alikuwa na nafasi, baba yake alikuwa na robo ya nafasi hiyo, na yeye ana kiambaza cha nyumba na migomba kumi. Anaogopa kuachwa nyuma.

Tena liko jambo la pili. Wazee wetu wengi hawakulelewa katika mawazo ya kupangisha nyumba ili kupata mali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 yalichukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Masharti ya uongozi yalilegezwa na Azimio la Zanzibar la mwaka 1991, na ofisi ya Msajili ilikwisha kuunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Basi kwa kipindi kirefu habari za kununua na kupangisha nyumba hazikuwa somo la mezani katika jamaa za wafanyakazi. Kizazi cha leo kinajifunza jambo ambalo wazazi wake hawakukifundisha, na pengo hilo ndilo wauza semina wanalolijaza.

NGAZI ZA ADA

Biashara ya kufundisha watu utajiri wa majengo haikuanzia kwetu. Marekani imekuwako kwa miaka mingi, na mwenendo wake unajulikana vizuri kwa sababu baadhi ya walimu wake wamefikishwa mahakamani.

Mfano mashuhuri ni ule wa Trump University, ulioanzishwa mwaka 2005. Ingawa uliitwa chuo kikuu, haukuwa chuo kikuu kilichosajiliwa. Watu walialikwa kwanza katika mkutano usio na malipo. Huko waliambiwa kwamba elimu kamili hutolewa katika mafunzo ya siku tatu, kwa ada ya dola 1,495. Waliokwenda siku tatu waliambiwa kwamba mafanikio ya hakika yanahitaji mshauri wa kumwongoza mtu binafsi, na ada ya ngazi hiyo ya juu ilifika dola 35,000. Wanafunzi walilalamika kwamba hawakupata walichoahidiwa. Mwanasheria Mkuu wa Jimbo la New York alifungua mashtaka mwaka 2013, na mwezi Novemba 2016 mashauri yalimalizwa kwa makubaliano ya kulipa dola milioni 25, bila upande ulioshtakiwa kukiri kosa.

Msomaji aangalie jinsi ngazi hizo zilivyopangwa. Mkutano wa kwanza kazi yake ilikuwa kuuza mafunzo ya pili, na mafunzo ya pili yaliuza ya tatu. Mwanafunzi kila alipodhani amefika, alionyeshwa mlango mwingine na kuambiwa kwamba siri iko nyuma yake. Hiyo ndiyo alama ya kwanza ya kuipima semina yoyote, iwe New York au iwe katika kundi la WhatsApp lenye wanachama wa Mbeya na Tukuyu. Ukiona kila somo linaishia kwenye ada ya somo lifuatalo, jua kwamba bidhaa inayouzwa ni somo lenyewe, na ardhi ni pambo tu.

Haifai hata hivyo kuwatia wote katika kapu moja. Wako wanaofundisha kwa uaminifu, na wako waliohudhuria wakapata faida. Semina humpa mtu ujasiri wa kuanza. Humzoesha kuandika mapato na matumizi. Humkutanisha na wenzake wenye nia moja. Hayo yote yana thamani. Linalobaki ni kujua kama thamani yake ni shilingi 350,000, na kama hayapatikani kwa njia nyingine.

SOMO LA UGENINI KATIKA ARDHI YA NYUMBANI

Mengi yafundishwayo katika semina hizi yametoka katika vitabu vya Marekani, hasa vile vya Robert Kiyosaki, ambaye kitabu chake cha Rich Dad Poor Dad kilitoka mwaka 1997 na kusomwa dunia nzima. Funzo linalopendwa sana ni lile la kutumia fedha ya mkopo: nunua nyumba kwa fedha ya benki, mpangaji alipe deni, nawe ubaki na nyumba.

Kule Marekani mtu wa kawaida huweza kupata mkopo wa nyumba wa miaka 30 kwa riba isiyobadilika, na ardhi huweza kuwa yake moja kwa moja. Kwetu mambo si hayo. Umilikaji wa ardhi wa namna hiyo ulifutwa Tanganyika tangu mwaka 1963. Sheria ya Ardhi, namba 4 ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka huohuo, zinasema kwamba ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mwenye kiwanja mjini ana haki ya kukikalia kwa muda uliotajwa katika hati, aghalabu miaka 33, 66 au 99, tena kwa masharti. Mwenye shamba kijijini ana haki ya kimila, ambayo inaweza kuandikiwa hati.

Sasa tupige hesabu ya mkopo, kwa tarakimu za mfano tu ambazo msomaji aweza kuzibadilisha kwa bei za mtaani kwake. Tuseme kiwanja na nyumba ya vyumba vinne vyagharimu shilingi 24,000,000, na kila chumba kinapangishwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,920,000. Kila chumba kikikaa kitupu mwezi mmoja, zimebaki 1,760,000. Tutoe 360,000 za ukarabati, choo na kodi mbalimbali, zimebaki 1,400,000. Kwa kasi hiyo fedha uliyoiweka itarudi baada ya miaka 17 na zaidi kidogo.

Je, kama fedha hiyo ilikuwa ya mkopo wa riba ya asilimia 15? Riba ya mwaka wa kwanza peke yake ni shilingi 3,600,000, ilhali nyumba imekuletea 1,400,000. Mpangaji hakulipi deni lako. Wewe ndiwe utakayeilipia nyumba kutoka katika mshahara. Hesabu hii haihitaji ada. Inahitaji karatasi, kalamu, na moyo wa kukubali jibu linalotoka.

Nyumba ya kupangisha inaweza kuwa na faida kwa anayeijenga polepole kwa akiba yake, kwa maana hutoa pato dogo la kudumu na thamani ya kiwanja huweza kupanda. Lakini hiyo ni kazi ya uvumilivu, mfano wa kupanda mgomba na kungoja chane. Anayeahidi mavuno kabla hujaliona shamba anakukumbusha mwaka 2009, wakati Watanzania wengi walipotia fedha zao katika mchezo wa DECI, ulioitwa wa kupanda na kuvuna. Serikali iliusimamisha mwaka huo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani viongozi wake. Mbegu za wengi zilikwisha kuliwa.

YANAYOULIZWA RUNGWE

Turudi kwa Mwalimu wetu wa Katumba. Tuseme amehudhuria semina na kufundishwa kwamba mahali ndipo penye thamani, kwa hiyo anunue karibu na barabara. Fundisho hilo ni la kweli. Anatoka mbio, anapata kiwanja kando ya barabara kuu itokayo Uyole kupitia Kiwira na Tukuyu kwenda Kasumulu mpakani. Dalali anamhimiza. Analipa.

Lakini Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu kuwa mita 30 kila upande, kutoka katikati ya barabara. Kabla yake ilikuwa mita 22 na nusu. Kiwanja kikiwa ndani ya mita hizo, mwenye kujenga anajenga juu ya hatari, na siku barabara itakapopanuliwa hatakuwa na la kusema. Funzo la jumla lilikuwa sahihi, na kiwanja chenyewe kikawa hasara. Kamba ya kupimia ingemwonyesha jambo hilo kwa nusu saa.

Huu ndio mpaka wa elimu ya semina. Mkufunzi aliyeko Dar es Salaam aweza kufundisha kanuni, lakini mnunuzi hanunui kanuni. Ananunua kipande kimoja cha ardhi, chenye majirani wake, mteremko wake na historia yake. Maswali yanayomwokoa mnunuzi ni ya kipande hicho, na majibu yake yako Rungwe. Tuyataje yaliyo makubwa.

La kwanza ni maji. Wilaya hii imejaa mito na vijito, na kila bonde lina chemchemi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Kiwanja kizuri chenye mto nyuma yake chaweza kuwa kizuri kwa macho tu.

La pili ni kujua kama ardhi ni ya kijiji au ya mji. Ikiwa ni ya kijiji, Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia, na mtu asiye mwanakijiji hawezi kununua kwa barua ya muuzaji na mashahidi wawili peke yake. Idhini ya Halmashauri ya Kijiji yatakiwa, na ni vema muhtasari wa kikao uonekane kwa macho. Mahakama zimekwisha kubatilisha mauziano yaliyokosa idhini hiyo. Ikiwa kiwanja kina hati, basi ufanywe upekuzi rasmi katika ofisi ya msajili wa hati, ili ijulikane jina la mwenye hati na kama hati hiyo imewekwa rehani benki. Malipo ya upekuzi ni madogo ukiyalinganisha na ada ya semina yoyote.

La tatu ni mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mmoja wa wanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo mnunuzi asitosheke na saini ya mwanamume aliyekutana naye sokoni. Aende nyumbani kwake, aketi, amsalimu mama wa nyumba hiyo, asikie neno lake, kisha aone saini yake. Aulize na ndugu pia, kwani shamba la urithi ambalo halijagawanywa ni la wengi.

La nne ni mvua na udongo. Hapa hunyesha kuliko sehemu nyingi za nchi yetu, na udongo wake umetokana na volkano. Mteremko ulionekana mkavu mwezi wa Oktoba huwa mfereji mwezi wa Aprili. Msingi, mitaro na paa vyaweza kula fedha ambazo hazikutajwa katika semina iliyotolewa mahali pakavu. Fundi mwashi mzee wa Kyimo au Kiwira anayajua hayo kuliko kitabu chochote. Nenda ukakitazame kiwanja siku ya mvua kubwa, nawe utakuwa umepata somo.

La tano ni wapangaji. Nani atakaa katika vyumba hivyo? Ni wauguzi, walimu, wanachuo, au wafanyabiashara? Wanalipa kiasi gani, na wanaweza kulipa miezi sita mara moja kama desturi ya wenye nyumba wengi ilivyo? Tembea mtaa mzima ukiuliza, hesabu vyumba vilivyo vitupu. Mchana mmoja watosha.

Mwisho ni gharama za kuhamisha umilikaji. Uko ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, iko kodi ya ongezeko la mtaji inayomhusu muuzaji, na ziko ada za ofisi na za upimaji. Mnunuzi asiyeziweka katika hesabu hubaki na karatasi ya mauziano kabatini, akidhani amemaliza.

NI LINI YAFAA KULIPA?

Basi je, tusilipie elimu kamwe? Hasha. Yako malipo yenye maana, na mengi yake ni kwa kazi inayofanyika juu ya kiwanja chako. Mpima ardhi atakuwekea mipaka. Mthamini atakuambia thamani. Wakili atasoma hati na kuandika mkataba. Watu hawa wamesomea kazi hiyo na kuandikishwa kwa mujibu wa sheria, na mtu aweza kuuliza kama kweli wameandikishwa. Kosa lao lina mahali pa kulalamikiwa. Kwa upande mwingine, yeyote aweza kuamka asubuhi akajiita kocha wa uwekezaji, na ukipata hasara hujui umshike wapi.

Kwa kijana anayetaka kuifanya kazi ya ardhi na majengo kuwa taaluma yake, viko vyuo. Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007, na viko vyuo vya ardhi vya Morogoro na Tabora. Ada ya huko hununua cheti kinachotambuliwa.

Na kwa semina fupi, mwenye kutaka kulipa na aulize kabla ya kutoa fedha. Mwalimu amenunua nini mwenyewe, wapi, na yuko tayari kuonyesha hati? Pato lake kubwa latoka katika nyumba zake au katika ada zetu? Anafundisha Sheria ya Ardhi ya Tanzania, au anatafsiri tu mambo ya ugenini? Je, baada ya somo atawauzia wanafunzi viwanja vyake mwenyewe? Mwalimu aliye pia muuzaji ana mikono miwili, mmoja unafundisha na mwingine uko mfukoni mwako. Na fedha hurudishwa kama mtu hakuridhika? Mwenye kujibu maswali hayo bila hasira aweza kusikilizwa. Mwenye kukuambia kwamba maswali ni dalili ya mawazo ya kimaskini, muage kwa heshima.

NJIA WALIYOIPITA WAZEE

Ipo njia ya tatu, nayo si ngeni katika nchi hii. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Watu walikusanyika katika vikundi mijini na vijijini, wakasikiliza redio, mmoja wao akasoma kijitabu kwa sauti, kisha wakajadiliana na kukubaliana la kufanya. Hawakungoja mtaalamu wa mbali aje na siri. Walikwenda wakachimba vyoo.

Vikundi tunavyo hata leo. Karibu kila mtaa una kikundi cha kuweka na kukopa. Kikundi cha watu 20 kikichanga shilingi 5,000 kila mmoja kitapata 100,000. Fedha hiyo yaweza kununua nakala za sheria mbili za ardhi, na kulipa nauli na chai ya wakili kijana aje kuzungumza mchana mmoja. Afisa ardhi wa wilaya ni mtumishi wa umma, na kujibu maswali ya wananchi ni sehemu ya kazi yake. Wizara ya Ardhi nayo imekuwa ikiendesha kliniki za ardhi, ambamo watu huhudumiwa karibu na makazi yao. Kadhalika Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaotoa huduma bila malipo kwa wasiojiweza. Faida ya kikundi ni moja zaidi: mwanachama akipelekwa na dalali kuona kiwanja, wenzake wawili huenda naye. Macho sita hayadanganyiki kwa urahisi kama mawili.

UAMUZI WA BABA NA MAMA

Tuwarudie sasa Baba na Mama, ambao chai yao imekwisha kupoa. Baba amekuwa akiandika katika daftari la shule. Ada ya semina, amegundua, ni sawa na kodi ya chumba kimoja kwa karibu miezi tisa.

"Basi tufanye hivi, Mama," asema. "Zile 350,000 tusizile, wala tusizitume. Tuziite fedha za kuuliza. Upekuzi tulipie humo, mpima alipwe humo, na wakili asome mkataba. Zikibaki, tununue mabati."

"Na kile kiwanja cha kando ya barabara?"

"Jumatatu nitakwenda na kamba."

"Tutakwenda sote," Mama asema. "Nami nataka kumsalimu mke wa muuzaji."

Ndugu msomaji, huenda kiwanja hicho kikawa ndani ya mita 30, nao wakarudi nyumbani mikono mitupu, lakini akiba yao ikiwa salama. Huenda kikawa kizuri, nao wakaanza safari ya miaka 17. Kwa vyovyote watakuwa wamejifunza, na walimu wao watakuwa kamba, daftari, jirani na sheria ya nchi. Wahenga walinena kwamba kuuliza si ujinga. Hawakusema kuwa kuuliza lazima kulipiwe, wala hawakukataza kumlipa mwenye kujibu. Walituachia sisi wenyewe kupima jibu.